Tairi Nzima Ziko Chini ya Kitanda, Vipara Viko Barabarani

Admin, jina langu libaki kwako, na la mtoto nimeshalibadilisha. Mimi nina miaka ishirini na tatu, naishi hapa Sumbawanga mjini, shule niliishia darasa la saba. Nina mtoto mmoja wa kike, nitamwita Edina, ana miezi saba na ameanza kukaa mwenyewe bila kuegemezwa mto. Mume wangu ana Noah, anapakia abiria kutoka hapa kushuka bondeni mpaka Ilemba na kurudi. Watu wanamwita dereva. Mimi pia namwita hivyo, sijapata jina lingine la mtu anayeshika usukani.

Mnisamehe nikiandika kwa dharau, nimejaribu heshima imeshindikana. Lile gari ukilikuta stendi utasema la bwana harusi. Analiosha kila asubuhi na baridi yetu hii, tairi anazipaka dawa mpaka zinakuwa nyeusi tii. Zinang'aa kwa sababu ni vipara. Mistari yote imekwisha, na la nyuma kushoto limeanza kutoa waya. Baba yangu mdogo anaziba pancha kule Mollo, nimekua nikimpelekea chakula na kukaa pale, kwa hiyo tairi bovu nalijua bila kuuliza mtu. Nilipomwambia mume wangu, alicheka mbele ya madereva wenzake wawili waliokuja kututembelea. Akasema, "Mama Edina, tairi likiwa kipara ndiyo linakaa lote barabarani, linashika zaidi." Wenzake wakaitikia kwa vichwa kama wanasikiliza mahubiri. Wanaume watatu wazima, wote wana leseni.

Sasa sikilizeni na hili. Madereva wa njia yao wana tairi nne mpya za pamoja, na rimu zake, wanaziita tairi za ukaguzi. Gari la mmoja likitakiwa kukaguliwa na trafiki, anafunga zile, anapita, halafu anazifungua na kurudishia vipara vyake. Zinazunguka kwa madereva kama sanamu ya Mama Maria mwezi wa rozari, kila nyumba na zamu yake. Mwezi huu zamu ya kuzitunza ni yetu. Ziko chini ya kitanda, na kitanda amekiinua kwa matofali ili zienee. Yaani mimi na mtoto wangu tunalala juu ya tairi mpya, baba yake anateremka mlimani na vipara akiwa na watu ndani.

Nilimuuliza, "Kwa nini usizifunge hizi zikae kwenye gari?"

"Zitaisha."

"Tairi si kazi yake kuisha?"

"Hizo ni za ukaguzi. Ukizitembelea zitapoteza sura."

Zitapoteza sura. Niliondoka nikaenda kumbadilisha mtoto nepi, angalau pale najua ninachofanya.

Wiki iliyopita akaniomba maji ya sabuni ya vyombo. Nikajua anaosha vioo. Kuchungulia, amefungua boneti anayamimina kwenye kikopo cha mafuta ya breki. Nikasema, "Baba Edina, hayo ni maji." Akajibu, "Mafuta yamepungua kidogo tu. Haya nayo yanateleza." Baba mdogo nilipomsimulia alishika kichwa. Alisema kwenye ule mteremko mrefu breki zikipata moto maji yatachemka, na pedali itaenda chini haina kitu.

Kinachoniumiza, siyo mtu mbaya. Maji ya kumwogeshea Edina anayapima kwa kiwiko kwanza, yakiwa na moto kidogo anakataa. Ndiyo maana bado nina tumaini naye.

Jumapili hii Edina anabatizwa Ilemba, kwa wazazi wa baba yake. Nimepangiwa kiti cha mbele, mtoto mapajani. Nikasema sipandi. Akaniuliza, "Gari limebarikiwa na padre, unaogopa nini?" Nikamjibu, "Padre alilimwagia maji ya baraka kwa nje, wewe umelimwagia ya sabuni kwa ndani." Akaenda kunishtaki kwa mama yake. Siku ya tatu mama mkwe akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia unamdharau mwanangu mbele za watu."

Nikamweleza yote, tairi na breki.

"Mimi ya tairi siyajui," akasema. "Watu wa huku wakikuona mke wake unashuka kwenye gari ya mwingine, mwanangu atampakia nani tena? Na huyo mtoto atakula nini? Pombe ya ulezi nimeshaiweka, usinitie aibu."

Na hilo la chakula ni kweli.

Jana mume wangu amekuja mwenyewe, mpole. Amesema kwa ajili ya mtoto atafunga zile tairi mpya Jumapili, na breki atamwaga maji aweke mafuta. Moyo wangu ukafurahi. Nikamuuliza, "Na Jumatatu?" Akasema Jumatatu tairi anazitoa, za watu hizo.

Kumbe anajua. Miezi yote hii ananiambia kipara kinashika, kumbe anajua, na anajua kwa mtoto wake tu. Tangu jana hata uji nampa bila kumtazama usoni.

Jumatatu asubuhi kuna mwanamke atakaa kile kiti cha mbele na mtoto wake mapajani, atamsifia mume wangu gari safi. Niende kwa trafiki nimkoseshe kazi baba wa mwanangu, au nipande Jumapili, tubatize, ninyamaze? Ninyi mlioolewa na mnaopanda magari ya waume za watu, ingekuwa ninyi mngefanyaje?