Nyuma ya Mstari wa Wifi

Wifi yangu hapigi shabaha kwa karibu. Sebuleni kwake, hatua nne kutoka kwenye mashine yake ya mchezo wa kulenga, amebandika selotepu nyekundu sakafuni, na kila anayeshika bunduki lazima asimame nyuma ya mstari huo, awe mgeni au mwenye nyumba. "Ukisogea, hata kipofu anapata," huwa anasema. Sisi wengine humsubiri aende jikoni, ndipo tunasogea.

Mashine yenyewe ni kabati la mbao lililonizidi urefu, na tumboni mwake mna televisheni ya chogo, ile nene ya zamani. Ina bunduki mbili za plastiki zilizofungwa kwa waya. Kwenye kioo hupita chupa kumi, mojamoja, nawe unazipiga. Zamani ilikuwa katika ukumbi wa michezo ambako wifi alitengeneza mashine kwa miaka ishirini na sita, mwanamke pekee kati ya mafundi. Ukumbi ulipofungwa, wenzake waligombea viti. Yeye alichukua mashine, akaipandisha hadi ghorofa ya pili akisaidiwa na mdogo wake, ambaye ni mume wangu, na mgongo wa mume wangu haujasahau mpaka leo.

Mwaka huu alipata kiharusi. "Kidogo tu," daktari alisema, nami nikamwuliza kikubwa kikoje. Baada ya wiki tatu hospitalini alirudi nyumbani akitembea, akiongea na kugombana na kila mtu kama kawaida. Mkono wa kulia tu ndio uliobaki ukitetemeka. Siku aliyorudi alisimama kwenye mstari wake, yeye ambaye hashuki chini ya chupa tisa, akapata mbili. Kesho yake akapata tatu. Mume wangu alisubiri dada yake ageuke, akasogea hatua mbili mbele, akapata nane. "Bunduki nzima, dada," akasema. Kuna siku natamani ningeushona ule mdomo.

Wiki sita zikapita hivyo. Kisha akaja mtu anayefungua ukumbi mpya. Alikuwa amenunua mashine nane za zamani za aina ile ile, na kila aliyemwuliza nani anaziweza alimtajia wifi. Akamwomba awe fundi wake, akasema atarudi Jumamosi saa kumi kuchukua jibu.

Ijumaa wifi alikuja kwenye chumba changu cha cherehani, akakaa juu ya vitambaa vya wateja wangu bila kuomba radhi.

"Nitamwambia hapana," akasema. "Fundi asiyeweza kujaribu bunduki aliyoitengeneza ni kama mpishi asiyeonja. Mkono umekwisha, wifi."

Nilikasirika. Mtu niliyemjua hakuwahi kusema kitu kimekwisha kabla hajakifungua.

"Mimi mshonaji," nikamwambia. "Gauni likimbana mteja napima gauni kwanza, ndipo namwambia amenenepa. Wewe umepima nini?"

Akanyanyuka. "Njooni kesho asubuhi," akasema.

Mimi na mume wangu tulimkuta ameshafunga mapazia na kuzima taa, kwa sababu mwanga wa nje huidanganya bunduki. Alitueleza huku akifanya kazi, na nilifurahi kuisikia ile sauti yake ya kutuona sisi wajinga. Bunduki ile haitoi chochote, alisema. Ni jicho. Ukivuta triga kioo kinamulika ghafla, na bunduki inatazama kama mwanga umetoka pale ilipoelekezwa. Ikiuona, umepata. Isipouona, umekosa, hata kama ulilenga katikati ya chupa.

Akaongeza mwanga wa kioo, akajaribu. Tatu. Akaukunja waya pale unapoingia kwenye mpini, huku na huku, kuona kama umekatika kwa ndani. Tatu. Akaiweka chini, akachukua bunduki ya pili. Tatu.

"Bunduki mbili haziugui ugonjwa mmoja siku moja," akasema. Akakaa kwenye kochi na kuufunika mkono wa kulia kwa wa kushoto. "Basi. Ni mkono."

"Bado hujapima mikono mingine," nikasema.

Nilisimama nyuma ya mstari wake kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Mkono wangu hupitisha uzi kwenye sindano bila kurudia. Nikapata moja. Mume wangu akasimama papo hapo, akapata mbili, akaanza kulalamika. Wifi alishainuka kwenye kochi.

"Bunduki mbili, ugonjwa mmoja," akasema polepole. "Nani amezigusa?"

Hapo nikakumbuka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa sijaficha hata kidogo, nilikuwa nimesahau tu. Alipokuwa hospitalini nilizisafisha zote mbili, ili arudi azikute zinang'aa.

"Mimi, wifi. Nilifungua skrubu, nikatoa vumbi, nikafuta zile lenzi za mbele, nikarudisha."

"Ulirudisha upande gani nje?"

"Ule bapa. Ule wenye nundu niliuficha ndani usikwaruzike." Ndivyo tunavyofanya na mshono, kinachoweza kuchakaa unakigeuzia ndani.

Mume wangu akaangalia dari. Wifi akafunga macho. "Nundu ikiwa nje ndipo inakusanya vizuri mwanga wa mbali," akasema. "Ukiwa karibu mwanga unatosha, lenzi ikae itakavyo. Ndiyo maana ninyi mnaosogea mlikuwa mnapata."

Nilingoja kutukanwa, na nilistahili. Badala yake akanipa bisibisi, kwa sababu skrubu zile ni ndogo na mkono wake haukuzitaka. Yeye akasema, mimi nikafungua, nikageuza, nikafunga. Mara mbili alinichapa kidole kwa kukaza kupita kiasi.

Kisha akasimama kwenye mstari. Mkono ulitetemeka vilevile. Akapata saba. Akarudia, saba tena.

"Nilikuwa napata tisa," akasema. "Mbili ni za mkono. Nne zilikuwa zako." Akaugeuza mkono wake wa kulia, akautazama juu na chini. "Wiki sita nimeuchukia bure."

Nililia, kwa aibu na kwa furaha, na sijui ipi ilizidi. Wifi aliniambia nisimlowanishie bunduki.

Saa kumi kamili mwenye ukumbi alibisha. Alikuwa na adabu. Alikaa, akanywa chai, akazungumzia mashine zake nane. Lakini macho yake yalikuwa kwenye kikombe cha wifi, kilichokuwa kikigongagonga kisahani.

"Na huo mkono, mama?"

"Unakosa mbili zaidi ya zamani. Nimeupima leo asubuhi," wifi akajibu. Akanyanyuka, akampa bunduki. "Na wewe tukupime."

Yule bwana alicheka, akaenda mpaka mbele ya kioo.

"Nyuma ya mstari," wifi akasema.

Akarudi nyuma, akavua koti, akalenga kwa utulivu na mikono yote miwili. Akapata tano. Wifi alichukua bunduki yake, akaitundika, akamwuliza Jumatatu afike kazini saa ngapi.