Katobo Kadogo Tu, Waone

Chekeni tu, maana hata leo nikipita soko la Lusangi na mtu akaniuliza, "Prezida, pantalo iko?" siwezi kukasirika, suruali ile niliichoma mwenyewe, hadharani.

Mimi, prezida wa chama chetu, ndiye niliyewashawishi wachoma makala wenzangu (mkaa, wasemavyo wengine) tujipangie kiasi: tanuru moja moja kwa zamu, matawi na miti iliyoanguka tu, msitu wa juu ya chemchemi usiguswe, maana maji yalishaanza kupungua na wake zetu walikuwa wanapanga foleni ya bidoni, madumu ya maji, tangu alfajiri. Wenzangu wakauliza tutakula nini. Nikawaambia tanuru likifunikwa vizuri, kuni chache hutoa makala mengi, ngojeni muone. Kuni za jaribio alizitoa mama mkwe wangu, na tukakubaliana kwamba likishindikana, mashoka yanarudi kwenye msitu wa chemchemi.

Siku ya kufungua tanuru wageni wa shirika la mazingira wakaja kwa pikipiki kutoka Kabambare kushuhudia, watu wamejaa, na mawingu nayo yakaanza kukusanyana, wageni wakasema mvua ikinyesha hawataweza kurudi, tuwaonyeshe upesi. Sasa mchoma makala yeyote anajua (na mimi ndiye niliyekuwa nawahubiria wengine!) tanuru halifunguliwi mpaka udongo wake upoe.

Mke wangu akanivuta shati. "Baba Asha, udongo iko moto bado."

"Katobo kadogo tu, waone."

Nikatoboa. Hewa ikaingia, moto uliolala ukaamka, nami badala ya kuchukua sepetu nikaanza kuziba kwa miguu, udongo ukadidimia, mguu ukazama, suruali ya nailoni niliyoazima kwa shemeji ikashika moto, nikaivua mbiombio, nikakimbilia nyuma ya tanuru, na nani amesimama pale? Mama mkwe! Mama ambaye nikikutana naye njiani huwa naingia majanini na kuinamisha macho.

Akageuka papo hapo, akafungua kikwembe chake cha juu, kitenge cha kujifunga, akakitupa nyuma bila kutazama.

"Jifunge kwanza, mukwe wangu. Haya haiue mutu."

Walinisubiri nijifunge, ndipo wakacheka, wageni pia. Lakini makala mengi yalikuwa majivu, na Saidi, aliyeupinga mpango tangu mwanzo, akainua shoka lake. "Tulisikilizana namna gani?"

Mama mkwe akajibu, mgongo bado kwangu: "Makala imeharibika juu ya haraka ya mukwe wangu, haiko juu ya mupango. Kuni ingine iko kwangu. Murudilie."

Tukarudia. Nilikatazwa kulikaribia tanuru, nikakaa chemchemini na kile kikwembe (hakutaka nimrudishie), nikisikiliza maji, nikiomba, mpaka Saidi mwenyewe akaja na kipande cha makala, cheusi, kigumu, ukikigonga kinalia. Alinipa tu, akanawa mikono pale pale.

Tangu siku hiyo sifunui hata sufuria ya wali mpaka mke wangu aseme umeiva.