Kidole cha Kati

Nyoka alimuuma mama kidole cha kati asubuhi, tukichuma buni shambani kwetu Mbuji. Sikupiga yowe. Nilifanya kile ambacho kila mtu kwetu anakijua tangu utoto: nilichukua ukanda wa tyubu ya baiskeli uliofunga kiroba, nikaukata vipande viwili. Kimoja nikakifunga kwenye shina la kidole, cha pili juu ya kifundo cha mkono, nikakaza kwa meno. Moyoni nikajisemea, sumu haipiti hapa ng'o. Mjomba, kaka yake mama, alimuua yule nyoka kwa jembe, akamtia kwenye ndoo ili tukamwonyeshe daktari.

Bodaboda ilichelewa, na njia ya zahanati ni milima mitupu. Mama alikaa katikati, mimi nyuma nimemshika, mjomba akafuata na pikipiki ya pili.

“Mwanangu, legeza kidogo. Panauma.”

“Vumilia, mama! Unataka kufa?”

Nilimfokea mama yangu mzazi, mgonjwa. Mimi nikiogopa nafoka, ndivyo nilivyo. Akaomba tena mara mbili, mara zote nikamkatalia. Kisha akanyamaza, nikamshukuru Mungu kwamba ametulia. Kiganja kilikuwa kimevimba, cheusi kama zambarau. Kidole chenyewe kilikuwa cheupe, na nilipokigusa kilikuwa cha baridi. Nikasema ni baridi ya huku kwetu Umatengo, mwezi wa sita huu. Lakini vidole vya mkono wake wa pili vilikuwa vya moto.

Daktari wa zahanati alikuwa kijana, mdogo kwangu. Alianza kumwamkia mama, “Shikamoo”, akaishia katikati alipouona mkono.

“Nani kafunga hivi?”

“Mimi.”

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alichungulia ndoo, akamgeuza nyoka kwa kijiti. Akamtundikia mama dripu, ndipo akalegeza mpira wa juu, polepole, na baadaye ule wa kidole.

“Damu ilikuwa inasukumwa kuingia, kurudi inashindwa,” alisema huku macho yake yako mkononi. “Maji yakavuja nje ya mishipa, ndiyo uvimbe huu. Kwenye kidole haikuingia kabisa. Kuna vimishipa vyembamba kuliko unywele, dada. Hewa na chakula vinapenya humo kwenda kwenye nyama, na uchafu unarudi humohumo. Damu ikisimama, nyama inakaa na njaa.”

Akabonyeza ukucha wa kidole gumba, ukawa mweupe, akauachia. Wekundu ukarudi taratibu. Akabonyeza cha shahada, ukarudi. Cha mwisho, ukarudi. Akabonyeza cha kati. Mweupe. Akaachia. Mweupe. Nilimwomba Bikira Maria kwa Kimatengo, lugha ninayosalia nikiishiwa nguvu. Akabonyeza tena. Mweupe vilevile.

“Na sumu je?” nikauliza. Angalau sumu, nilikuwa nawaza. Angalau nimemwokoa.

Daktari alitazama ndoo, kisha mama, kisha mimi.

“Huyu hana sumu ya kumdhuru mtu. Mngeosha kidonda kwa sabuni, mkaja taratibu.”

Mjomba akainamisha kichwa. Nikakaa sakafuni palepale. Tulipelekwa hospitali ya mjini, na siku chache baadaye walikata kidole juu ya kifundo cha kwanza.

Sasa mama anachuma tena, ila buni zinamdondoka. Wageni wakimwuliza kidole kimepatwa na nini, huwajibu haraka, kabla sijafungua mdomo, “Nyoka huyo, mwenye sumu kali. Bila huyu binti yangu nisingekuwepo.” Kisha hunitazama, na mimi, mwenye mdomo wote huu, nainama kuokota buni.