Picha ya Nyumba ya Queensbury

Ipo siku moja ya Desemba, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo masikio yananiwaka moto. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwaka wangu wa tatu hapa London, na nilikuwa nimemdanganya mama yangu kwa picha moja tu.

Picha yenyewe nilipigwa Queensbury, mtaa wa hapahapa London, mbele ya nyumba ya mzee wa Kihindi niliyekuwa nikimhudumia. Namwogesha, nampa dawa, namsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu. Mzee huyo alizaliwa Mwanza, Kiswahili chake kitamu, na binti yake ndiye aliyenipiga picha nimesimama mlangoni na koti jipya. Nikaituma Tanga. Mama akaitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni, na kila mgeni akawa anaambiwa, "Hiyo ndiyo nyumba ya Zuhura." Nikajitetea kwamba mimi sijasema uongo, nimenyamaza tu. Kisha siku moja mama akaniuliza kwenye simu ina vyumba vingapi, nikamjibu vinne.

Mimi nilikuwa nalala Tottenham, chumba kimoja ghorofa ya tatu, jiko na choo tunachangia watu watano. Nguo nikifua naanika juu ya hita, na ukuta wa dirishani umeota kuvu.

Basi Rehema akaja. Rehema ni rafiki yangu tangu utotoni, tulikaa dawati moja shule ya msingi. Aliolewa Muscat, na Desemba ile mumewe alimleta likizo London pamoja na watoto wao wawili na mama yake mzazi, Bi Mwanaidi, jirani yetu wa ukuta mmoja kule Tanga. Nilifurahi mpaka nikalia. Halafu nikaingiwa na hofu, maana Rehema na mama yake walikuwa wameiona ile picha kwetu.

Nikafanya ujanja. Siku sita nzima nikawatembeza: taa za Krismasi, mto, makumbusho yenye mifupa ya wanyama wakubwa, mikahawa. Kila Bi Mwanaidi aliposema leo twende kwako, mimi nilikuwa na jibu. Mafundi wanapaka rangi. Bomba limepasuka. Treni za upande ule hazitembei. Ilipofika siku ya tano Rehema hakunitania tena, na Rehema asipokutania ujue amekasirika.

Siku ya mwisho nikawafuata hotelini kwao Hounslow asubuhi. Bi Mwanaidi nikamkuta amekaa mapokezi, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tangulia, tunakwenda kwako."

"Jamani mama, ni mbali. Na baridi hii..."

"Baridi gani tena, na siku sita unanizungusha ndani ya baridi hiyohiyo? Mamako alinishika mkono akaniambia, nenda kaone mwanangu analala wapi. Mimi ndege sipandi kama sijaona."

Rehema akadakia bila kunitazama, "Zuhura, honestly, kama hututaki kwako sema tu."

Hapo ndipo iliponichoma. Nilikuwa nimeogopa wao wasinidharau, kumbe rafiki yangu ndiye aliyejiona amedharauliwa.

Watoto wakabaki na baba yao, sisi watatu tukaenda. Treni, kisha basi. Ngazi Bi Mwanaidi alizipanda ameshika ukuta, anapumzika kila ghorofa. Nikafungua mlango. Akavua viatu, akaketi kitandani, akautazama ukuta, akazitazama nguo juu ya hita. Mimi nikamwaga yote kabla sijaulizwa, hata vile vyumba vinne.

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alisema, "Mamako kila alfajiri anasali, anamshukuru Mungu kwa ile nyumba. Wewe uliyemo humu, unayepigwa na baridi, nani anakuombea?"

Nililia kama mtoto mdogo.

"Piga simu," akasema. "Mimi sitamwambia neno. Utamwambia mwenyewe, nami nimekaa hapahapa."

Nikapiga. Nikamwambia mama nyumba ile ni ya mzee ninayemwogesha, na mimi nina chumba kimoja, kina kuvu na baridi inaingia dirishani. Kisha mama akauliza, "Una mablanketi mangapi?"

"Mawili, mama."

"Mwanaidi yupo hapo? Mwambie akuachie shali yake."

Bi Mwanaidi alikuwa ameshaivua.

Rehema naye akaingia jikoni kwa wapangaji wenzangu bila kuomba ruhusa, akarudi na chai, tukainywa watatu kitandani. Akanitazama, akasema, "Vyumba vinne, eeh? Vingine umevificha wapi?" Nikajua rafiki yangu amerudi.

Sasa nikugeukie wewe. Juzi nimekusikia kwenye simu ukiwaambia wenzako wanaotoka Dar wiki ijayo mkutane mjini, eti kwako kuna ukarabati. Ukarabati gani? Chumba chako nakijua, mimi ndiye niliyekusaidia kupandisha godoro. Mwanangu, wapeleke kwako. Fagia, chemsha chai, wakae kitandani. Akitokea wa kucheka, afadhali umjue mapema. Waliokujua unatembea peku hawavuki bahari kuja kukagua vyumba, wanataka wakirudi waseme wamekuona. Na mama yako kule nyumbani mpigie leo, umweleze unavyoishi, apate kukuombea wewe na si mtu wa kwenye picha. Usiniambie kesho.

Rehema anatua Jumamosi, safari hii na wajukuu. Habari ya hoteli nimeikataa katakata. Flati yangu ni ndogo, wajukuu watalala chini kwa mstari, na mablanketi ninayo. Shali ya Bi Mwanaidi nitamfunika yule mdogo kabisa.

Mungu akupe mlango usiouonea haya kuufungua, mwanangu, na kila atakayeketi kitandani kwako asiondoke bila kukuachia joto.