Mkaguzi wa Nyama Afungua Bucha

Kwa miaka ishirini na sita Kipriani alikuwa mtu wa kuwaharibia wenzake siku. Alikuwa mkaguzi wa nyama. Kila alfajiri alifika machinjioni na buti za mpira, visu viwili na mhuri, akapasua viungo vya ng'ombe wa watu na kusema hiki kitaliwa, hiki kitafukiwa. Wenye mabucha wa Nachingwea walimsalimia kwa heshima na kumsengenya kwa bidii. Mwenyewe hakula nyama ya kununua hata siku moja. Mke wake Marietha, ambaye ni dada mkubwa wa mama yangu, alimpikia kisamvu na dagaa, na majirani wakamwonea huruma: mke wa bwana nyama, anakula majani.

Alipostaafu, alisema atafungua bucha lake.

"Nimeona wanavyouza," alisema. "Nzi anakula kabla ya mteja. Kitambaa kimoja kinafuta kisu, kinafuta gogo, kinafuta jasho. Mimi nyama naijua. Kwa nini nikae na ujuzi huu nyumbani?"

Bucha likajengwa barabara ya sokoni: vigae vyeupe, wavu dirishani, maji ya bomba. Wiki ya kwanza watu walijaa. Wiki ya pili akafanya kosa ambalo mtu aliyezaliwa na biashara asingelifanya. Alileta chupa za kioo alizozihifadhi kwa ajili ya kufundishia, akazipanga mezani mbele ya wateja. Moja ilikuwa na minyoo ya ini. Nyingine ilikuwa na kipande cha moyo chenye malengelenge ya tegu, meupe kama punje za wali. Ya tatu sitaki kuieleza. Alinipa kalamu niziandikie majina kwa mwandiko mzuri, nami niliandika nimebana pumzi. Alitaka watu waone anawaepusha na nini.

"Hiki nini?" mama mmoja aliuliza, kilo yake ikiwa tayari kwenye mizani.

"Minyoo ya ini," Kipriani alijibu kwa furaha. "Ukilikata ini wanachomoza kwenye mirija, bapa, kama jani lililolowa. Wengine bado wanatembea. Sasa mama, ini langu mimi..."

"Rudisha."

"Hapana, hili ni safi, nimelipasua mwenyewe..."

"Rudisha, baba! Na nyama nayo rudisha. Kwangu leo maharage."

Habari ilitembea na bodaboda. Bucha la minyoo! Watu waliokula nyama yenye nzi maisha yao yote sasa walipita ng'ambo ya barabara wameziba pua, mbele ya duka lililokuwa safi kuliko majiko yao. Huko ng'ambo mwenye bucha mwingine alipangusa paja la ng'ombe kwa fulana aliyoivaa, na foleni yake ikarefuka.

Marietha aliziondoa zile chupa. "Watu wanataka mboga, mume wangu," alisema. "Hawakuja darasani." Lakini jina lilikuwa limeshaganda. Miezi mitatu baadaye Kipriani alikuwa akichinja mbuzi mmoja kwa wiki, na nusu ya mbuzi huyo ilirudi nyumbani.

Ndipo akaja Seleman, mkulima wa korosho kutoka Likunja, upande wa Ruangwa. Alikuwa akimwoza binti yake Samia. Yeye na Kipriani ni watani wa zamani.

"Nasikia unauza minyoo."

"Wamekwisha. Umechelewa."

"Basi nipe nyama. Dume zima, lifike kwangu Jumamosi saa nne, wapishi wanangoja. Ukinitendea vizuri, harusi zote za kule ni zako. Ukiniaibisha mbele ya wakwe, Mmakonde wewe, nitakuja kukula wewe."

Alipoondoka, Marietha alisema polepole, "Hii ikitupita, tunafunga."

Dume lilinunuliwa Kilimarondo, kwa mfugaji. Kipriani alilizunguka, akalitembeza, akalipapasa shingo. Lilikuwa nene, manyoya yanang'aa. Jumamosi alfajiri, machinjioni, mchinjaji Habibu alilichinja, maana bucha la Mkristo huchinjiwa na Mwislamu ili kila mtu ale. Kisha akaja Doreen, mkaguzi aliyeshika nafasi ya Kipriani. Kazi alifundishwa na Kipriani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kagua."

"Nikukague wewe?" Doreen alicheka kwa aibu. "Adabu gani hiyo?"

Aliligeuza ini mara moja, mapafu hakuyagusa, akagonga mhuri mapaja na mikono yote minne.

Wakati huo mapafu yalikuwa mikononi mwa Kipriani. Chini ya vidole alihisi vinundu vigumu, vingi, kana kwamba mtu ameshona kokoto ndani ya sifongo. Aliyatia kwenye ndoo. Akachukua gunia, akafunika. Nyama ikaanza kupakiwa kwenye guta la matairi matatu.

Haya alinisimulia mwenyewe, bila kujitetea. Alisema alikwenda hadi kwenye guta, akafunga kamba ya kwanza, na kamba ya pili ikamshinda. Katika kazi yake alikuwa amefunua magunia ya namna ile mengi sana, na kila mara alimtazama mwenye ng'ombe kama anayetazama kinyesi. Leo gunia lilikuwa lake.

Alirudi akafunua, akakata tezi moja ya mapafu. Kisu kilikwaruza kana kwamba kuna mchanga. Ndani palijaa kitu cha njano, kikavu, kama ugali uliolala. Kifua kikuu. Alitema mate chini mara tatu.

"Doreen! Rudi hapa. Fungua mbavu."

Doreen alifungua. Ndani ya mbavu vinundu vilikuwa vimening'inia vishada vishada. Akaanza kulia. "Mwalimu, mhuri nimeshagonga. Nitaufutaje kwenye nyama yako?"

"Kwa kisu. Kata."

Dume zima likaenda shimoni. Watu walikuwa wameshakusanyika, wameshika sufuria.

"Mzee, tutachemsha sana."

"Mguu mmoja tu, mzee. Mguu una ugonjwa gani?"

Kipriani na Doreen walimwaga mafuta ya taa juu ya nyama, na hata hivyo kijana mmoja aliinama kunusa aone kama yameingia ndani. Doreen akaketi ukingoni mwa shimo, buti zake zimelowa damu, akasema hataondoka mpaka udongo ujae.

Kipriani alimpigia simu Seleman.

"Umesema nini? Umefukia? Ungenyamaza! Nani aliyeona?"

"Mimi."

"Wewe! Mmakonde unayekula panya leo unamwonea kinyaa ng'ombe?"

"Panya wangu huwa nampasua kwanza."

Kisha Seleman akauliza, sauti yake imeshuka, "Samia angekula?"

"Samia, na mumewe, na wewe."

"Sasa sikiliza. Kuna jirani hapa ananisukumia ng'ombe wake, ana haraka mno. Panda pikipiki uje umwone kabla sijamnunua. Gharama zako juu yangu."

"Magonjwa mengine hujificha mpaka kisu kiingie, Seleman. Nitakwambia ninachokiona tu."

"Njoo na kisu basi."

Alifika Likunja saa tano na nusu. Kipriani alimkimbiza kidogo uwanjani ng'ombe wa jirani, akasikiliza kikohozi, akamkataa. Wa pili, mzee aliyekonda, alimkubali. Baada ya kuchinjwa alimpasua kiungo kwa kiungo katikati ya akina mama waliojipaka hina na manukato, huku akieleza. Shangazi wa bwana harusi alitapikia khanga yake mpya. Pilau lilipakuliwa alasiri, na wengi waliomba wali mtupu. Seleman alinuna hadi jioni.

Lakini wiki iliyofuata alimletea Kipriani mtu wa Ruangwa aliyetaka kununua ng'ombe wa hitima. Huyo akamleta mwingine. Bucha tulilifunga mwisho wa mwezi. Marietha aling'oa wavu mwenyewe, na siku hizi ni duka la vocha. Kipriani haagizwi nyama tena, anaagizwa macho. Mhuri ni wa Doreen, naye sasa hukata kila tezi hata mwenye ng'ombe akiwa sheikh au padri. Kazi ya Kipriani ni kutangulia kabla ng'ombe hajanunuliwa: kushika ndimi, kuingiza mkono nyuma mpaka kwenye kiwiko, kunusa, na kumwambia mnunuzi ndiyo au hapana.

Anapata wateja wengi kuliko alivyowahi kupata dukani. Hakuna anayempa mkono. Anaporudi, Marietha humwekea ndoo ya maji na kipande cha sabuni nje ya mlango, na haruhusiwi kuingia mpaka avue kila kitu, aoge, na kunyoosha vidole vyake vinuswe.