Kuziba Pua Mbele ya Mama Mkwe

Daktari aliponishauri nijifunze kupumua, nilidhani ananitania. Vidonge vya presha ningeendelea navyo, alisema, lakini mwili wangu ulihitaji pia utulivu. Mwalimu mwenzangu akanitumia video ya yoga: kaa wima, fumba macho, ziba tundu moja la pua kwa kidole, vuta hewa kwa jingine, kisha badilisha; mizunguko kumi, bila kusema neno.

Zoezi nililifanyia uani, maana upande wa barabarani malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, hayazimi injini.

Asubuhi ya nne mama mkwe alifika kutoka kijijini kwake Hasamba bila taarifa, akapitia geti dogo, kuku kwapani, mfuko wa maharage kichwani. Kwetu mkamwana husimama, hupiga goti, huamkia na kupokea mzigo kabla ya maneno mengine. Nilisikia hodi yake. Nilikuwa kwenye mzunguko wa saba na, sababu sijaipata hadi leo, niliona nimalizie kwanza. Nilipofumbua macho alikuwa hatua mbili mbele yangu, nami bado nimeziba pua.

Alimweka kuku chini, akanusa bega lake mwenyewe, kidogo tu, kama anayehakikisha jambo.

"Shikamoo mama! Samahani, nilikuwa kwenye zoezi."

"Marahaba. Zoezi la nini?"

"La kupumua, mama. Kwa ajili ya presha."

"Nimezaa saba, mwanangu. Hakuna niliyemfundisha kupumua, walitoka wanajua."

Alicheka. Nami nikacheka, bila uhakika kama nimeruhusiwa.

Siku hiyo alioga mara mbili, na wakati wa chakula akavuta kiti chake hadi mlangoni. Kesho yake nilimwomba tufanye zoezi pamoja, aone mwenyewe. Alikaa, akaziba pua kwa utii, akatulia.

"Hili la kushoto lina mafua," akasema. "Sasa nivute nini?"

Alikuwa amekuja kukaa mwezi mzima, atibiwe goti. Siku ya tatu akafunga mzigo. "Nawaachia hewa yenu," alituaga. Mume wangu alisema mama yake ndivyo anavyotania. Yeye ni mwanawe wa kumzaa. Mimi nimeolewa tu.

Wiki iliyofuata daktari alinipima, akatabasamu: presha imeshuka. "Chochote unachofanya, mama, endelea nacho." Nilitoka nikijiuliza kilichoishusha ni kipi: ile pumzi, vidonge, au mgeni kuondoka? Jibu hilo la mwisho lilinitia aibu hata kulifikiria.

Nikampigia mama mkwe simu, nikamsihi arudi, goti lisicheleweshwe.

"Nitakuja," alisema. "Ila unielekeze mapema, nikae upande gani wa pua yako."

Kisha nikasikia sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko, au kikohozi. Nilimwita, "Mama?" Hakuitika. Nami nilibaki na simu sikioni, nisijue kama anamalizia kucheka au ndiyo zamu yangu ya kungoja, kama yeye alivyongoja pale uani.