Jiwe Alilolikalia Bibi

Sikuwemo kwenye ule mtumbwi, lakini usiniambie siujui. Bibi yangu alivuka ziwa kutoka Burundi akikimbia vita, mama yangu akiwa mgongoni, na miguuni pake jiwe moja la jikoni. Mtumbwi ulipoanza kuingiza maji, mpiga kasia akaamuru mizigo itupwe. Bibi akatupa godoro, akatupa na masufuria. Jiwe akalikalia.

"Mama, huko Tanzania mawe yamejaa!" mpiga kasia akamfokea.

"Yamejaa, ndiyo. Hili ndilo lililompikia mama yangu."

Waliteremka Mwamgongo, upande huu wa ziwa, hawana hata chungu, ila figa moja walikuwa nalo. Mawili mengine bibi aliyaokota baadaye ufukweni Katonga, na juu ya hayo matatu ndiko ulikopikwa ugali ulionikuza mimi, hapa hapa Kasingirima.

Bibi hatunaye tena. Juzi jirani yangu, tuliyegombana naye zamu ya bombani, alinifuata mpaka jikoni. "Rudini kwenu, wakimbizi!" Mimi nimezaliwa hapa. Mama yangu alifika hapa hajaota meno. Turudi wapi?

Nikaipua sufuria ya dagaa, nikamwonyesha mafiga.

"Moja limetoka kwa bibi yangu, mawili ni ya Katonga. Haya, ng'oa la mkimbizi."

Akainama, akayatazama, akayatazama tena. Yote matatu yalikuwa meusi kwa masizi, na yote yalikuwa ya moto.